Kipima mionzi nacho huugua: kutoka madini ya Katanga hadi mahandaki ya Geneva

NCHELENGE, Zambia

Boti zinazovuka Ziwa Mweru kati ya Nchelenge na Kilwa, ng'ambo ya Kongo, hubeba kila kinachouzika: unga wa mahindi, sukari, sabuni, vitenge, mafuta ya kula, na magunia ya chisense, wale dagaa wadogo waliokaushwa juani ambao soko la Kashikishi linawategemea. Ukishavuka, Kibemba bado kinasikika, Kiswahili cha Katanga kinazidi, na kwacha inageuka faranga.

Kuna wakati ziwa hilihili lilibeba madini. Kuanzia mwaka 2002, mchanga wa shaba wenye madini ya fedha ndani yake ulitoka mgodi wa Dikulushi, kaskazini mwa Kilwa, ukapakiwa kwenye tishari, ukavushwa hadi Nchelenge na kupandishwa malori kwenda kusini. Mgodi ule ulisimama, ukafufuliwa, ukasimama tena. Njia yenyewe si ngeni: karne moja na nusu iliyopita shaba ya Katanga ilipita katika nchi ya Kazembe, kusini mwa ziwa hili, ikielekea pwani na misafara ya Waswahili.

Kilichoongezeka katika zama zetu ni swali moja mpakani. Mwenye shehena ya madini amelizoea. Mwenye gunia la dagaa hakulitegemea, lakini siku hizi naye analisikia: je, mzigo umepimwa mionzi?

Swali hilo lina taasisi nyuma yake. Zambia ina Mamlaka ya Kinga ya Mionzi, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2005, na makao yake makuu yako Lusaka, safari ya takriban kilomita 1,000 kutoka gati la Nchelenge. Tanzania ina Tume ya Nguvu za Atomiki, TAEC, chini ya sheria ya mwaka 2003. Uganda ilitunga sheria yake mwaka 2008, Kenya ikaunda mamlaka yake mpya kwa sheria ya mwaka 2019. Kongo ina Kamisheni Kuu ya Nishati ya Atomiki, ambayo ndiyo kongwe kuliko zote kwa vifaa, maana mtambo wa kwanza wa nyuklia barani Afrika uliwashwa Kinshasa mwaka 1959.

Kwa anayepitisha chakula Tunduma, cheti cha mionzi ni karatasi moja zaidi katika fungu la karatasi, na malalamiko kuhusu ada na siku za kusubiri ni ya miaka mingi. Utaratibu wa kupima chakula ulishika nguvu duniani baada ya mtambo wa Chernobyl kulipuka Aprili 1986, pale maziwa ya unga na nyama kutoka Ulaya vilipoanza kutiliwa shaka. Kiwango ambacho tume ya kimataifa ya vyakula, Codex, inakitumia kwa sesiamu-137 ni bekereli 1,000 kwa kilo. Dagaa waliokaushwa kwenye mchanga wa Mweru hawana sababu ya kukaribia hapo. Lakini karatasi haijali sababu, inajali kipimo. Na kipimo kinatoka kwenye kifaa ambacho wengi wanaokilipia hawajawahi kukiona.

Kilichomo ndani ya sanduku la risasi

Sampuli ikifika maabara husagwa, hupimwa uzito, hutiwa katika chombo cha plastiki chenye tundu chini, kisha chombo kinavishwa juu ya kipima kama kofia. Vyote hufungiwa ndani ya kuta nene za madini ya risasi, ili mionzi ya ukutani, ya udongo na ya angani isiingie kwenye hesabu. Halafu watu husubiri. Chakula chenye mionzi hafifu hutoa ishara chache sana, na kuzihesabu kwa uhakika huchukua saa nyingi. Ndiyo maana cheti hakitoki dirishani papo hapo kama risiti ya maegesho.

Katikati ya sanduku kuna kipande cha jermaniamu, kinachotoshea kwenye kiganja. Mwale mmoja wa gama unapokigonga, hung'oa elektroni. Mwale wa sesiamu-137, ambao una nguvu yake maalumu isiyobadilika, hung'oa zaidi ya laki mbili. Umeme wa volti maelfu huzisukuma elektroni hizo hadi ukingoni, zinahesabiwa, na idadi inataja jina la mhusika. Potasiamu, ambayo imo katika kila samaki na kila ndizi, ina idadi yake. Sesiamu ina yake. Urani na jamaa zake wana zao. Kifaa hakisemi tu kwamba "mionzi ipo". Kinataja mionzi ya nani.

Ili hesabu isipotee njiani, jermaniamu hiyo lazima iwe safi kupita kiasi: takriban atomu moja ya uchafu katika atomu trilioni moja. Mfanyabiashara wa mchele ataelewa akiambiwa ni sawa na punje moja mbovu katika meli yenye tani 20,000. Na lazima ipoozwe kwa naitrojeni ya kimiminika, karibu nyuzi 196 chini ya sifuri, la sivyo joto lenyewe litang'oa elektroni na kuharibu hesabu. Mahali ambapo umeme hukatika kila siku na naitrojeni huletwa kwa lori, hilo peke yake linaeleza sehemu ya siku zile za kusubiri.

Madini yalikotoka

Jermaniamu haichimbwi peke yake. Hupatikana kama kidogodogo ndani ya zinki na shaba, na mojawapo ya mahali inapopatikana kwa wingi usio wa kawaida ni Kipushi, mji wa Katanga ulio mpakani kabisa na Zambia. Madini ya Kipushi yaliyeyushwa katika tanuru la Lubumbashi kwa miongo mingi, na mabaki yake yakalundikwa hadi yakawa mlima mweusi unaoonekana kutoka kila upande wa mji. Kila aliyewahi kufika Lubumbashi kwa biashara anaujua. Watu waliuita takataka.

Takataka hizo zina kobalti, zinki na jermaniamu. Kampuni ya STL, tawi la Gécamines, imejenga kiwanda cha kuzichambua, na mwaka 2024 ilianza kusafirisha jermaniamu kwenda kwa kampuni ya Umicore ya Ubelgiji. Wakati ulikuwa mwafaka kibiashara. China, muuzaji mkuu wa jermaniamu duniani, ilikuwa imeweka vibali vya kuiuza nje kuanzia Agosti 2023, na Desemba 2024 ikapiga marufuku kuiuza Marekani. Sehemu kubwa ya jermaniamu huenda kwenye nyaya za mawasiliano za nyuzi za kioo, miwani ya kuonea usiku na paneli za jua za setilaiti. Fungu dogo, lililo safi zaidi, ndilo huishia kuwa vipima mionzi.

Kuna jambo la kutafakari hapa. Umicore inaifanyia kazi jermaniamu Olen, mji mdogo wa Ubelgiji. Olen hiyohiyo ndipo ilipofunguliwa mwaka 1922 kiwanda cha kutengeneza radiamu kutokana na urani ya Shinkolobwe, karibu na Likasi. Urani ya Shinkolobwe, iliyogunduliwa mwaka 1915, ndiyo baadaye iliyotumiwa na Wamarekani katika mabomu ya mwaka 1945. Hivyo Katanga imeipatia dunia mionzi, na sasa inaipatia kitu cha kuipimia. Kati ya safari hizo mbili, faida kubwa ilibaki upande uleule wa bahari. Kama mkataba wa sasa utakuwa tofauti, hesabu zitaonyesha.

Adui ni yuleyule anayepimwa

Kipima mionzi kina udhaifu ambao muuzaji wake hautaji kwanza. Kinachokipa kazi ndicho kinachokiua.

Fuwele ya jermaniamu au ya silikoni ni kama ghala lililopangwa vizuri: atomu juu ya atomu, safu kwa safu, nafasi ya kupita ikiwa wazi. Mwale wa gama ukipita, husumbua elektroni tu na kuacha magunia mahali pake. Chembe nzito, kama nyutroni au protoni yenye kasi, ni jambo lingine. Hiyo hugonga gunia lenyewe na kulitupa nje ya safu. Gunia hilo hugonga mengine. Panabaki pengo hapa, gunia lililokwama njiani pale, na elektroni iliyokuwa ikipita sasa inakutana na vizuizi vya barabarani ambavyo jana havikuwepo. Inasimamishwa, inazuiliwa, na wakati inaachiliwa hesabu imeshafungwa.

Maabara ya chakula haina shida hiyo. Dagaa, mchele na maziwa havirushi nyutroni. Kipima cha Arusha au Lusaka kikiangaliwa vizuri hudumu miaka mingi, na kinachokimaliza mara nyingi ni kukosa naitrojeni, si mionzi.

Angani mambo ni mengine. Setilaiti ya Ulaya iitwayo INTEGRAL ilirushwa Oktoba 2002 ikiwa na vipande 19 vya jermaniamu kwa ajili ya kupima mionzi ya nyota. Miale ya anga za juu iliviharibu taratibu, mwezi baada ya mwezi. Dawa yake ilikuwa ya ajabu kidogo: karibu kila nusu mwaka wataalamu walizima kupoza, wakaviacha vioke kwa siku kadhaa kwenye joto la nyuzi 105 hivi, kisha wakavipoza tena. Joto huzitikisa atomu, na zilizotoka mahali pake hurudi. Kipima kilikuwa kikipata nafuu kila mara, na setilaiti ikafanya kazi hadi mwaka 2025.

Mahali pabaya kuliko pote, lakini, ni chini ya ardhi mpakani mwa Uswisi na Ufaransa. Huko CERN, karibu na Geneva, protoni huzungushwa katika handaki la kilomita 27, mita kama 100 chini ya mashamba ya watu, na kugonganishwa. Makundi ya protoni hukutana mara milioni 40 kwa sekunde. Kila mgongano hutawanya chembe, na kazi ya vipima vinavyouzunguka ni kuonyesha kila chembe ilipita wapi. Kwa njia hiyo, Julai 4, 2012, ilitangazwa kupatikana kwa chembe ya Higgs, iliyokuwa imesubiriwa kwa takriban miaka 50.

Tabaka la ndani kabisa la kipima kiitwacho ATLAS, lililowekwa mwaka 2014, liko sentimita 3.3 tu kutoka mahali protoni zinapogongana. Hapo hakuna jermaniamu. Kuna vipande vyembamba vya silikoni, vya sehemu ya milimita, vilivyogawanywa katika vyumba vidogo mamilioni. Chembe ikipita kwenye kipande chenye unene wa milimita 0.3 huamsha elektroni zipatazo 22,000, kiasi kidogo sana cha umeme, na kiasi hicho lazima kifike ukingoni kabla ya mgongano unaofuata.

Silikoni iliyopigwa hivyo huugua kwa namna tatu. Kwanza inavujisha umeme hata pasipo chembe yoyote, na umeme unaovuja unaipasha joto, na joto linaongeza kuvuja, mpaka kipande kijichome chenyewe kikiachwa. Pili, volti iliyokuwa inatosha jana leo haitoshi. Inabidi kupandisha, hadi volti mia kadhaa, mpaka nyaya zinapokataa. Tatu ni vile vizuizi: kati ya elektroni 22,000 zilizoanza safari, zinazofika ni elfu chache.

Na hapa dawa ya jermaniamu haifai. Silikoni iliyougua ikiachwa kwenye joto kwa muda mrefu hali yake huzidi kuwa mbaya, kwa sababu mapengo hutembea, hukutana na kujiunga kuwa kasoro kubwa zaidi. Kwa hiyo vipima vya CERN huwekwa kwenye baridi, nyuzi za chini ya sifuri, hata wakati mtambo umezimwa kwa matengenezo. Anayesafirisha samaki wabichi kutoka Kashikishi hadi Copperbelt hahitaji maelezo marefu: barafu ikikatika usiku mmoja, asubuhi hasara imeshaingia.

Wahandisi hawakuishia kwenye barafu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 iligunduliwa kwamba silikoni iliyochanganywa na oksijeni kwa makusudi huhimili vyema zaidi baadhi ya mashambulizi, jambo lililoshangaza kwa kuwa kila mtu alidhani usafi mtupu ndio bora. Kisha wakageuza aina ya silikoni na upande wa kusomea, ili zikusanywe elektroni badala ya mapengo yanayoziacha nyuma. Elektroni hukimbia zaidi na hukamatwa kidogo. Kundi la kimataifa lijulikanalo kama RD50 lilianza mwaka 2002 kwa ajili ya kazi hiyo tu: kutafuta vipima ambavyo mionzi haivimalizi.

Wazo bora zaidi pengine ni la Sherwood Parker na wenzake, lililotolewa mwaka 1997. Kipima cha kawaida hukusanya umeme juu na chini, hivyo elektroni lazima ivuke unene wote. Wao walipendekeza kutoboa matundu membamba kupenya kipande chote na kuyajaza nguzo zinazopitisha umeme, zikiwa zimekaribiana. Elektroni sasa haivuki ghala zima. Inakwenda kwenye nguzo iliyo jirani. Ni sawa na kujenga magati mengi madogo pembezoni mwa ziwa badala ya kumlazimisha kila mpagazi kubeba gunia hadi gati moja la mbali lenye vizuizi kila hatua. Vizuizi havijaondolewa. Safari imefupishwa. Baadhi ya vipande vilivyowekwa ATLAS mwaka 2014 ni vya aina hiyo.

Almasi nayo imejaribiwa tangu miaka ya 1990. Atomu zake zimeshikana kwa nguvu zaidi, haivujishi umeme na haihitaji barafu. Lakini almasi ya Mbuji-Mayi haifai kazi hii, kwa kuwa ina uchafu mwingi ndani. Inayotumika huoteshwa kiwandani kutokana na gesi, na bei yake inaifanya ibaki kwenye sehemu ndogo zilizo karibu kabisa na njia ya protoni, ikifanya kazi ya mlinzi.

Mtambo wa CERN unafanyiwa mageuzi ili ugonganishe protoni nyingi zaidi kuanzia takriban mwaka 2030. Vipima vya tabaka la ndani vitapigwa na kiasi kinacholingana na nyutroni 10,000,000,000,000,000 kwa kila sentimita ya mraba katika maisha yao. Moja ikifuatwa na sifuri 16. Hata vile vyenye nguzo havitegemewi kufika mwisho. Mpango uliopo ni kubadilisha tabaka la ndani katikati ya safari, kama dereva wa lori anavyopanga matairi mapya kabla ya kuanza safari ndefu. Afrika Kusini imo katika kazi hiyo kupitia vyuo vyake, na Shule ya Fizikia ya Afrika, iliyoanza Stellenbosch mwaka 2010 na kufika Kigali mwaka 2016, imepeleka vijana wa kanda hii kwenye maabara hizo. Mmoja wa waanzilishi wake ni Ketevi Assamagan, mwenye asili ya Togo, ambaye mwenyewe ni mwanafizikia wa ATLAS.

Mzigo usio na cheti

Kwa wafanyabiashara wa Mweru, hatari halisi ya mionzi haimo ndani ya dagaa. Imo katika vitu viwili.

Cha kwanza ni madini ya magendo. Mgodi wa Shinkolobwe ulifungwa kwa amri ya serikali Januari 2004, wachimbaji wadogo wakaendelea, na Julai mwaka huohuo sehemu yake iliporomoka na kuua watu. Mwaka 2007 madini yenye mionzi yaliyokuwa yamekamatwa yalitupwa katika mto Mura, karibu na Likasi. Shaba na kobalti za Katanga wakati mwingine huja na urani ndani yake, na anayelala juu ya magunia kwenye boti au lori hawezi kuijua kwa macho wala kwa harufu. Pembeni ya biashara hiyo wako matapeli wanaouza "urani" na "zebaki nyekundu" katika vichupa vizito vyenye lakiri. Zebaki nyekundu haipo. Vichupa vipo, na waliouza nyumba kuvinunua wapo.

Cha pili, na kibaya zaidi, ni vyuma chakavu. Migodi hutumia vipimo vyenye sesiamu kuangalia uzito wa tope linalopita kwenye mabomba. Hospitali hutumia kobalti na sesiamu kutibu saratani. Vifaa hivyo vikiachwa huonekana kama chuma kizuri, kizito, chenye risasi ya kuuza. Septemba 1987, mjini Goiânia, Brazil, watu wawili walichukua kichwa cha mashine kutoka kliniki iliyohamwa na kukiuza kwa mfanyabiashara wa vyuma. Ndani mlikuwa na unga uliong'aa rangi ya bluu gizani. Aliupenda, akawagawia ndugu na majirani. Watu wanne walikufa, akiwemo mtoto wa kike wa miaka sita, watu 249 walikutwa na uchafu wa mionzi, na wengine zaidi ya 110,000 walipangwa foleni uwanjani wapimwe.

Kipima cha kugundua kopo la aina ile hakihitaji naitrojeni wala silikoni yenye nguzo. Kinashikika mkononi, kinatumia betri, na hulia kabla mwenye kukibeba hajafika kwenye rundo. Swali ni nani atakuwa nacho gatini siku chuma hicho kitakaposhushwa. Alama ya kuangalia ni duara dogo lenye mabawa matatu, jeusi juu ya manjano. Ikiwa imekwanguliwa nusu, au chombo ni kizito kupita ukubwa wake na kimefungwa kwa bolti pande zote, kiachwe kilipo, watu wasogee mbali, na polisi waitwe kabla ya bei kutajwa.